Kwa nini bango lako la kioo linafifia juu

Wateja wengi wanaotuletea mabango ya kuwasha kwa ukingoni, yaani kioo kilichochongwa herufi na kufungwa taa kwenye ukingo wake wa chini, hutuambia, "Fundi, herufi za chini zinang'aa, za juu zimefifia. Niongezee taa." Mara nyingi taa zinatosha kabisa. Cha kuangalia ni uso wa kioo.

Mwanga ukishaingia kwenye kioo kupitia ukingoni, kutoka ni kazi. Mwale ukipiga uso wa kioo kwa mlalo, yaani zaidi ya nyuzi 42 hivi kutoka mstari unaosimama wima juu ya uso huo, hurudishwa wote ndani. Utadunda upande huu na ule hadi ukingo wa mwisho, ndiyo maana ukingo huo huwaka sana. Njiani kioo cha kawaida nacho hula mwanga, kwa sababu ya chuma kidogo kilichomo. Ule ukijani wa ukingoni unatokana na chuma hicho. Kwa bango refu tunashauri akriliki, plastiki angavu kama kioo.

Mchongo ndio unaoutoa mwanga. Leza ikikwaruza uso, mwale hukuta pembe nyingine na kupenya. Lakini herufi zilizo karibu na taa zikichukua mwingi, za mbali hubakiwa na kidogo. Dawa yake ni kuchonga kwa nukta: chache karibu na taa, zikizidi kusongamana kadiri unavyokwenda mbali. Bamba linalotandaza mwanga nyuma ya skrini za LCD hupangwa hivyohivyo.

Wengine wanataka mchongo usioonekana mchana. Hilo ni ombi zuri, na lina jibu, ila si kwa leza yetu, ambayo alama zake jicho linaziona kama weupe. Linahitaji mistari ya kiwango cha wimbi la mwanga wenyewe, nanomita 400 hadi 700. Unywele una upana wa nanomita 80,000 hivi. Viwandani mistari hiyo hugandamizwa kwa muhuri kwenye utando mwembamba juu ya kioo. Huelekeza mwanga upande unaotakiwa, na kioo kikabaki angavu karibu kabisa. Hata ndani ya taa za LED tunazofunga, uso wa kristali inayotoa mwanga hupewa vinundu vidogo mno, kwani ukiwa bapa, mwanga hunaswa vilevile, na kila upande ungetoa asilimia 4 hivi tu ya mwanga. Fundi akikuuzia bango la "nano", yaani lenye mistari hiyo midogo, mwombe aliwashe mbele yako, kisha alizime ulitazame juani.

Kwenye usafi, tafadhali tusaidiane. Kila mkwaruzo utawaka usiku, na alama za vidole vyenye mafuta pia. Tumia kitambaa laini, maji na sabuni nyepesi. Spiriti usiipake kwenye akriliki iliyochongwa kwa leza, itapasuka nyufa ndogondogo.

Ukija kuagiza, tuletee urefu wa bango, upande taa zitakapokaa, na utuambie kama litasomwa kutoka pande zote mbili.