Kwa Rama, kuhusu jicho la Eunos lisilofumba

Tabora

Ndugu yangu Rama,

Salamu nyingi kwako, shemeji na watoto. Barua yako imefika, na hilo la fundi kukutaka uagize mota nzima kutoka Japani kwa sababu taa ya kushoto ya Eunos yako, hilo gari la Mazda lenye taa za kujificha, imekwama juu, naomba uliache kwanza. Mota ndiyo ya mwisho kushukiwa. Kama taa ya kulia inapanda na kushuka vizuri, fyuzi na swichi ni za pamoja na zimeshajitetea zenyewe. Ugonjwa uko upande wa kushoto peke yake: waya zake, ethi yake (waya unaorudisha umeme kwenye bodi), fimbo inayounganisha mota na taa, au visahani vya shaba vilivyo ndani ya mota yake.

Kabla hujaingiza mkono pale, fungua boksi la fyuzi chini ya boneti, ng'oa ile iliyoandikwa RETRACTOR, ya ampea 30. Ukitaka kukata umeme wote, betri ya gari hilo iko nyuma kwenye buti, upande wa kulia. Usipuuze hatua hii. Mota inaweza kuamka ghafla wakati waya mbovu inapogusana, na gia yake haijui kidole.

Sasa tafuta kitasa kidogo kwenye mota, kimefunikwa na kofia ya mpira. Vua kofia, zungusha kitasa kwa vidole huku mtu anaangalia taa. Hapo gari litakueleza lenyewe. Kitasa kikizunguka laini na taa haisogei, fimbo imechomoka au bushi imekwisha. Kikiwa kigumu mno, bawaba za taa zimeganda au kifuniko chake kinasuguana na bodi. Kikizunguka laini na taa ikafuata vizuri, basi tatizo ni umeme. (Gari aina ya Cord 810 la mwaka 1936, lililotangulia mengine kwa taa za kujificha, halikuwa na mota ya namna hii: dereva alizungusha mkono wa chuma akiwa ndani.)

Kama una safari ya usiku kwenda Kasulu kabla hujamaliza kazi, pandisha taa zote mbili, ng'oa fyuzi hiyo, uiache nje. Taa zitawaka kama kawaida, kwa kuwa mwanga una fyuzi yake nyingine. Zitakaa wazi tu kama macho ya kenge.

Tuanze na fimbo, maana hapo ndipo magari ya umri huu huumwa zaidi. Mota huzunguka upande mmoja siku zote: nusu mzunguko taa inapanda, nusu nyingine inashuka. Mkono wa mota una kichwa cha duara kama cha bolijointi, na fimbo hukikamata kwa kikombe cha nailoni, ndiyo ile bushi. Nailoni ya miaka thelathini na ushee huwa kavu kama ganda la karanga. Bandua fimbo kwa bisibisi bapa, taratibu, halafu itikise. Ikichezacheza, taa itatetemeka barabarani hata kama inafunguka. Spea ya bushi ikikosekana, mkerezaji yeyote anaweza kuichonga kwenye kipande cha nailoni nyeupe, ilimradi umpe vipimo vya venia (kile kifaa cha kupimia vitu vidogo kwa usahihi) na si vya kukadiria kwa macho. Usikubali ya shaba. Itakula kile kichwa cha chuma, nacho hakiuzwi peke yake.

Kwenye bawaba usijaze grisi. Vumbi jekundu la huku kwetu likichanganyika na grisi linakuwa msasa. Safisha kwa brashi na mafuta ya taa, kausha, weka matone mawili ya oili nyepesi, futa inayobaki. Pitisha na karatasi ngumu kuzunguka kifuniko cha taa. Pale inapokwama, bodi imesogea na mota inapigana bure.

Upande wa umeme, rudisha fyuzi, chomoa plagi ya mota na upime umeme unaofika hapo. Betri iliyojaa ina volti 12.6 hivi gari likiwa limezimwa. Ila kipimo cha maana ni kile cha plagi ikiwa imerudishwa na mota inafanya kazi: ncha moja ya mita kwenye waya wa ethi wa mota, nyingine kwenye bodi safi, palipokwanguliwa rangi. Ikisoma zaidi ya nusu volti, ethi ni mbovu. Kwangua kutu, kaza upya. Angalia pia waya zinazopanda na kushuka pamoja na taa, maana hukatika ndani ya ngozi yake na kwa nje zinaonekana nzima. Zivute kidogo, iliyokatika hunyumbuka kama mpira.

Ikibaki mota, weka alama ya rangi kwenye mkono na ekseli yake kabla hujaifungua, kisha toa boliti tatu zinazoishika. Ndani kuna kisahani cha shaba chenye mapengo, ndicho kinachoiambia mota isimame. Grisi ya kiwandani hukauka juu yake, maji ya masika yakaongeza kutu. Matokeo ni mawili: taa inaishia njiani, au inafungua na kufunga bila kukoma. Futa kwa spiriti, sugua kwa msasa laini namba 600, paka grisi kidogo sana. Kaboni (vipande vyeusi vinavyopeleka umeme ndani ya mota) zikiwa fupi, za mota nyingine huchongwa zikaingia. Funga kwa silikoni, maji yasirudi.

Na tafadhali, fyuzi ikiungua mara ya pili usifunge waya wa shaba wala usiweke ya ampea 40. Mota iliyokwama hunywa umeme mwingi, na fyuzi ikikataa kufa, waya ndiyo itakayowaka.

Wakati wa kurudisha, wengi hukosea hapa: unganisha plagi kwanza, mota ikiwa haina fimbo, weka swichi chini, iache ijipange na isimame yenyewe. Ndipo ubandike fimbo taa ikiwa imelala. Ukibandika kabla, taa itapanda wakati nyingine inashuka. Kisha simamisha gari mita 5 kutoka ukutani usiku; ukingo wa mwanga mdogo uwe sentimita 5 hivi chini ya usawa wa katikati ya taa.

Nipimie kile kichwa cha mkono kwa venia, pande mbili, na kina cha kikombe. Nikipata namba nitachongesha bushi nne hapa na kuzikabidhi kwa mtu wa treni ya Kigoma.

Wako,
Shabani