Usiuchome huo mkono, mdogo wangu

Marahaba, mdogo wangu. Sauti uliyonitumia juzi usiku nimeisikiliza mara tatu. Unasema unataka kuomba ajira ya polisi, sharti la kutokuwa na michoro mwilini linakukwaza, na mtaani kwenu yupo fundi anayefuta tatuu kwa dawa, siku moja tu imekwisha. Jumamosi unakwenda. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu wewe si wa kwanza kuniuliza. Jina lako silitaji, wala la huyo binti uliyemwandika mkononi.

Bega langu unalijua. Umelizoea tangu ukiwa shuleni, ila sijawahi kukusimulia lilivyofika pale. Nilikuwa na kipepeo, mdogo tu, kizibo cha soda kingemfunika. Nikaenda saluni moja, dada wa pale akanipaka kitu cheupe kizito kutoka kwenye kikopo kisicho na maandishi, akafunika na nailoni. Mwanzoni palikuwa pa baridi. Kisha pakawasha, kisha pakaunguza mpaka machozi yakanitoka, naye ananiambia vumilia, ndiyo inavuta wino. Alipobandua nailoni ngozi ilitoka nayo, laini kama ule utando wa ndani ya ganda la yai, na kipepeo alikuwa bado yupo chini yake, mweusi vile vile.

Kidonda kilichukua miezi miwili kufunga. Kilipofunga, kovu likaendelea kukua. Likavuka mpaka wa kidonda, likawa gumu, likang'aa, na usiku likaniwasha hadi usingizi ukaniruka. Hiyo ndiyo keloidi. Sisi wenye ngozi nyeusi hutupata zaidi, na begani, kifuani na masikioni ndiko inakopenda. Nilichomwa sindano za steroidi ndani ya kovu lenyewe, mwezi baada ya mwezi, ndipo likalainika. Halijaisha, na mtandio wangu unajua kwa nini hauondoki begani.

Sababu ya dawa ya kupaka kushindwa ni hii: wino haupo juu. Sindano ya mchoraji huupitisha tabaka la juu la ngozi na kuuacha kwenye tabaka la pili, na huko chembe za ulinzi za mwili huumeza zikashindwa kuusaga. Mwaka 2018 watafiti wa Marseille, Ufaransa, walionyesha kwa panya kwamba chembe yenye wino ikifa, wino unaachiwa na chembe nyingine inaudaka. Chembe hizo zinapokezana, ndiyo maana mchoro hauhami. Basi kemikali yoyote ya kupaka, ili iufikie wino, lazima kwanza iile ngozi yako iliyo juu yake. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, haijaidhinisha krimu hata moja ya kujifutia tatuu nyumbani. Hata hilo la kusugua kwa chumvi uliloliona kwenye simu ni la kale sana, tabibu Mgiriki Aetius alikwisha kuandika juu ya kufuta michoro kwa chumvi katika karne ya 6. Linachubua, na penye kuchubuka pana kovu.

Leza ni habari nyingine. Mwanga wake hupita ngozi ya juu bila kuikata, ukapiga wino kwa muda mfupi kiasi cha sehemu za bilioni za sekunde, wino ukavunjika vipande vidogo ambavyo mwili huvibeba taratibu. Nilikaa pembeni ya rafiki yangu alipofanyiwa Nairobi, sote tumevaa miwani ya giza. Sauti ya leza ni kama mafuta yakiruka kwenye kikaango, na kila herufi iliyopigwa iligeuka nyeupe kama chaki, kisha baada ya robo saa weupe ukatoweka na wino ukaonekana tena, umefifia kidogo mno. Siku hiyo nilimhurumia, maana alidhani angetoka pale hana kitu.

Ukiwahi kufika kwenye leza, uliza namba moja: 1064. Hizo ni nanometa, kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, za mashine ya leza iitwayo Nd:YAG. Rangi ya ngozi yetu, melanini, nayo hudaka mwanga, na mashine za 694 au 755 zinaweza kukuunguza au kukuachia mabaka meupe. Ile ya 1064 huipita melanini kwa usalama zaidi, na wino mweusi kama wako huitikia vizuri. (Kijani ni mkaidi. Na nyie dada zangu mliochorwa nyusi, wino wa rangi ya ngozi unaweza kugeuka mweusi ukipigwa leza, mwambieni daktari kabla.) Mashine ya taa ya kunyolea nywele ukatae kabisa, si ya tatuu. Na mkorogo usiuguse huo mkono.

Ila wewe una haraka, na leza haina haraka. Mizunguko ni mingi, na kati ya mmoja na mwingine ni wiki 6 hadi 8. Mizunguko 8 ni karibu mwaka mzima.

Ndiyo maana nakutajia upasuaji. Jina ulilomwandika huyo binti mkononi lina herufi nne, kimo chake kama sentimita moja, limelala kwa urefu wa mkono. Mchoro mwembamba namna hiyo daktari anaweza kuukata kwa ganzi ya sindano, kwa umbo la jani, akavuta kingo zikutane akashona. Mara nyingi urefu wa mkato ni mara tatu ya upana wake, kwa hiyo mstari wa kovu utakuwa mrefu kuliko jina. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Mchoro mkubwa hukatwa kwa awamu, au hupandikizwa ngozi ya paja, na hapo unabaki na makovu mawili. Wako haujafika huko.

Lakini kabla kisu hakijaguswa, mwambie daktari habari za bega langu. Mama zetu ni ndugu, na keloidi hutembea kwenye ukoo. Akiona hatari ni kubwa atakuambia, na hapo nakuomba umsikilize hata kama mwaka huu ajira itakupita. Mstari mwembamba unaweza kuuvumilia. Lile la kwangu nisingependa ulivae mkononi, mahali usipoweza kuliwekea mtandio.

Anza na kliniki ya ngozi ya hospitali. Kule Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992, na wewe ni nauli ya basi tu. Hata kama mashine hawana, ngozi yako wataisoma.

Nitumie picha ya mkono kesho mchana, nje kwenye mwanga, uweke na sarafu ya mia mbili pembeni nione ukubwa. Na huyo fundi mpigie leo umwambie huji.

Dada yako