Risala ya Klabu ya Jiografia kwa Mgeni Rasmi: Ukingo wa Ziwa Chini ya Uwanja Wetu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule,
Walimu, wazazi na walezi wetu,
Wanafunzi wenzetu,

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Tunakushukuru kwa kukubali kuja kwetu leo, tukijua una mengi ya kufanya hapa Kigoma. Karibu sana. Historia ya shule na matokeo ya mitihani Mkuu wa Shule atayasema kwenye taarifa yake. Sisi wa Klabu ya Jiografia tumeomba dakika chache tuzungumzie kipande kidogo cha ardhi kilicho chini ya uwanja wetu wa mpira, pale nchi kavu inapokutana na Ziwa Tanganyika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ukisimama nyuma ya goli la magharibi utaona mchikichi ulioinama kuelekea majini, nusu ya mizizi yake iko hewani. Tulipoingia kidato cha kwanza mchikichi ule ulisimama wima, na kati yake na ukingo palipita njia ya akina mama wanaokwenda kuchota maji. Njia ile haipo tena. Hakuna aliyeifunga. Iliporomoka kidogo kidogo, hadi asubuhi moja ya Machi kipande cha mwisho kikakutwa chini, majani yake bado mabichi.

Hapo ndipo tulipoanza kuuliza. Kitabu kinasema mawimbi hula mwamba, nasi tukataka kuuona mdomo wenyewe. Mwezi Agosti tulishuka na mwalimu wetu hadi chini ya genge. Mwamba pale ni jiwe la mchanga lenye wekundu, limepangika matabaka kama chapati. Juu linasimama kama ukuta, lakini chini, usawa wa goti hadi kiuno, limeliwa kwa ndani. Mwenzetu mmoja aliingiza mkono ukazama hadi begani. Tukanyamaza kusikiliza. Wimbi linapogonga, maji huingia kwenye nyufa na kuibana hewa iliyomo. Wimbi likirudi, hewa ile hufumuka kwa mshindo, kama mtu aliyebanwa kifua akaachiwa ghafla. Kila mara, punje chache za mwamba zinadondoka. Ukiweka kiganja juu ya ufa unahisi mtikisiko wake.

Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa kilo 1,000, sawa na magunia kumi ya mahindi ya kilo mia mia. Uzito huo unatupwa ukutani usiku na mchana, tena haujitupi mtupu. Unabeba kokoto, na kokoto hizo ndizo tindo za ziwa. Zenyewe pia zinasagika kwa kugongana. Tuliokota kipande cha chupa kilichokuwa laini kama peremende iliyonyonywa, hakina hata ncha moja ya kumkata mtu. Kipo mezani pale, tunaomba ukishike.

Watu wengi hapa kwetu huilaumu mvua peke yake, kwa kuwa genge huanguka wakati wa mvua. Kwa tulivyoona, mvua huja kumalizia. Kazi kubwa inafanyika kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini-mashariki unapovuma. Ziwa letu lina urefu wa takriban kilomita 670, na upana wake kwa wastani ni kama kilomita 50 tu. Upepo unaolifuata ziwa kwa urefu wake hupata uwanja mrefu wa kuyasukuma maji, na uwanja ukiwa mrefu wimbi hukua. Wavuvi hawahitaji kuambiwa hili na sisi. Basi kiangazi mwamba unaliwa kwa chini, na sehemu ya juu inabaki ikining'inia. Mvua zikianza, maji yanajipenyeza kwenye nyufa, udongo unalowa na kuwa mzito, mizizi inazidi kupanua nyufa zile, na kile kilichokuwa kinaning'inia kinaachia.

Genge likianguka, ziwa halitupi kitu. Mabonge yanavunjwa yakawa mawe, mawe yakawa kokoto, kokoto zikawa mchanga, na mchanga ule unasafiri. Tulipaka rangi nyekundu ndoo moja ya kokoto, tukazipanga mstari mmoja ukingoni jioni ya upepo. Wimbi lililotoka kusini lilipanda ufukwe kwa mshazari likizisukuma, kisha maji yakarudi yamenyooka chini, yakizivuta. Kila wimbi likawa linazisogeza hatua moja kaskazini. Asubuhi mstari wetu ulikuwa umetawanyika, nyingine tumezikuta mbele ya mitumbwi ya jirani, nyingine hatukuziona tena. Wenzetu wawili walilala wakibishana kama mawe yanaweza kutembea. Ubishi uliishia pale.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mchanga unaouona ufukweni leo ni msafara uliopumzika. Umetoka kwenye magenge na kwenye mito inayoshuka milimani, na una safari mbele yake. Ukiondoa mchanga mahali pamoja, ufukwe wa mbele unakosa riziki yake. Na ufukwe usipokuwa na mchanga, wimbi halina pa kuchokea. Linafika genge likiwa na nguvu zake zote.

Wazee wa Ujiji walitufundisha jambo ambalo hatukulikuta kitabuni. Tulipokwenda kwenye kumbukumbu ya Livingstone, pale inapokumbukwa kwamba Stanley alimkuta chini ya mwembe mwaka 1871, tulishangaa kwamba kutoka pale hadi majini ni mwendo wa kutembea. Mzee mmoja akatuambia zamani ziwa lilikuwa karibu zaidi. Tuliporudi shuleni tukasoma, na ni kweli. Mto Lukuga, upande wa Kongo, ndio mlango pekee wa maji ya ziwa hili kutoka, na miaka ile ulikuwa umezibwa na tope na majani. Maji yakapanda hadi mwaka 1878 kizuizi kilipopasuka. Katika miaka isiyozidi ishirini iliyofuata ziwa likashuka karibu mita 10, na fukwe nzima zikabaki nchi kavu. Mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zikalipandisha tena hadi kilele cha mwaka 1964. Na tangu 2020 sisi wenyewe tumeyaona maji yakiingia kwenye nyumba za watu, Bujumbura, Uvira na hata huku kwetu.

Ziwa halina kupwa na kujaa kama bahari, ila lina kupanda na kushuka kwake, na kunaweza kuchukua miaka. Likipanda hata mita moja, wimbi linapata mahali papya pa kugonga, mahali ambapo mwamba haujawahi kuzoea maji. Mtu aliyejenga ukingoni wakati ziwa limeshuka anadhani amepata kiwanja, kumbe amejenga kwenye nyumba ya ziwa.

Huko baharini mambo haya ni makubwa zaidi. Mbele ya Pangani kuna Maziwe, kisiwa kilichokuwa na miti. Mwishoni mwa miaka ya 1970 miti ilikuwa imekwisha kung'olewa na mmomonyoko, na leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yanapojaa. Kule Malta, nchi ya visiwa huko Ulaya, tao kubwa la mwamba lililokuwa likipigwa picha na watalii wa dunia nzima lilianguka baharini katika dhoruba ya Machi 2017.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, genge kuanguka si uharibifu wenyewe. Ni kazi ya ziwa, na sehemu ya mchanga wa fukwe zetu hutokana na kazi hiyo. Kinachotuuma ni pale sisi tunapoiharakisha. Vilima vikikatwa miti, mvua inashusha tope jingi, na tope linafunika mawe ya majini ambako samaki wadogo hutaga na kujificha. Huku juu tunazidisha tope, na huku chini tunachota mchanga kwa malori. Mama anayeanika dagaa anakuta sehemu yake ya kuanikia imepungua, na hajui amdai nani.

Na hapa tunalazimika kusema la kwetu. Msingi wa maabara ya shule hii, uliojengwa kwa michango ya wazazi wetu, ulitumia mchanga uliochotwa ufukweni, hapo hapo chini ya mchikichi. Wengine wetu tuliubeba kwa ndoo, kwa furaha, tukiimba. Hatukujua. Hatumlaumu mtu yeyote, maana mchanga ule ulikuwa wa karibu na wa bure. Ila sasa tunajua, na hatuwezi kusimama mbele yako kuomba maabara ikamilike bila kulisema hili.

Kwa hiyo maombi yetu ni haya. Maabara bado inahitaji kuta na paa, nasi tunaihitaji sana. Tunakuomba utusaidie kupata mchanga kutoka machimbo ya nchi kavu, hata kama itabidi tusubiri muhula mmoja zaidi. Pili, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, lakini hapa mtaani hakuna alama inayoonyesha mita hizo zinaishia wapi. Tunaomba ziwekwe alama, hata za mawe yaliyopakwa chokaa. Kupaka chokaa tutapaka sisi. Goli la magharibi tumekwisha kukubaliana na Mwalimu wa Michezo lihamishwe, na matete tumeanza kupanda kando ya kijito, ingawa mbuzi wameyala mara mbili.

Mwisho, tumepigilia vigingi kuanzia kwenye mchikichi kurudi nyuma kuelekea madarasani, ili kila mwaka wanafunzi watakaokuja wapime ukingo umesogea kiasi gani. Kigingi cha karibu kabisa na maji nafasi yake tumeiacha wazi. Nyundo iko kwa Mwenyekiti wa klabu. Baada ya chakula, jua likipoa, tunaomba ushuke nasi ukakipigilie wewe mwenyewe. Njia ya kushukia siku hizi ni ile ya upande wa jikoni.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanafunzi wa Klabu ya Jiografia,
Kigoma