Mada ya wiki hii: kanda za kukodi

Habari za jioni wanakikundi. Wiki hii tunakumbuka kanda za video tulizokodi utotoni. Naanza mimi.

VHS, aina ya kanda hizo, ilitoka Japani mwaka 1976, lakini kwangu mambo yalianza pale deki ilipomeza mkanda: klak, mvumo, kisha michirizi myeupe chini ya picha, na mkubwa mmoja kapiga magoti anahangaika na kitufe cha kuinyoosha. Mkanda uliopita mikono mingi ulijulikana tu. Penye ngumi tamu picha ilitetemeka, kwa sababu kila aliyeukodi aliparudia hapohapo. (Nasi tulichangia.)

Halafu ile kesi ya kurudisha mkanda mwanzo! Nilitozwa faini, na hadi leo nasema nilionewa. Niliuchukua ukiwa umeishia mwisho.

Zamu yenu. Nani deki ilimtafunia mkanda wa watu? Sauti zisizidi dakika 2 tafadhali, jamani. Mwenye picha ya deki ya kwao aitume. Na kama deki bado nzima, itunze: Funai, kampuni ya Japani iliyobaki ikizitengeneza, iliacha 2016.