Shira ya ndege

Columbus, Ohio
28 Agosti

Shoga yangu wa tangu madrasa,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, hofu ni kwenu. Ama baada ya salamu, nimesikiliza sauti uliyonitumia nikacheka mpaka nikakaa chini. Eti ile chupa nyekundu uliyoiona dirishani pangu ni kinga ya husuda? Hapana mwenzangu, ni ya ndege. Wanywa maji ya sukari.

Unamjua chozi, yule ndege wa kwenye ua la mgomba nyuma ya jiko la mama. Basi mchukue chozi, mpunguze mpaka abaki gramu tatu hivi, mpe mdomo mwembamba kama sindano, halafu mnyime kutua. Chozi wetu mara nyingi hushika kikonyo ndipo anywe. Huyu wa huku hukaa hewani pale pale, mabawa yakipiga kiasi cha mara 50 kwa sekunde, na ukiwa karibu unausikia mvumo. Ndiyo maana akaitwa ndege mvumaji. Dume ana koo jekundu linalowaka akigeukia jua. Akigeuka upande wa pili, koo jeusi tii, utadhani ni ndege mwingine.

Sasa mimi na shira unanijua. Mwaka wa kwanza niliponunua ile chupa nilisema hii kazi ndogo. Nikapika shira ya kaimati hasa: sukari vikombe viwili, maji kimoja, iliki, na tone la rangi nyekundu ili ipendeze. Nikatundika, nikakaa na chai yangu kungoja. Mvumaji akaja, akachovya mdomo mara moja, akaondoka. Waliokaa ni nyuki na sisimizi, nao walikuja na ukoo mzima.

Jirani yangu, bibi mmoja wa Kimarekani mwenye umri wa kuwa mama yetu, alinitazama kutoka upande wake wa ua akashindwa kuvumilia. Akaja kunifunza. Sukari nyeupe ya kawaida kikombe kimoja, maji vikombe vinne. Basi. Koroga mpaka sukari iyeyuke yote, na ukitumia maji ya moto uache yapoe kabisa kabla ya kutia chupani. Yanayobaki yanakaa kwenye friji wiki moja bila taabu. Nilimuuliza, hata asali kidogo? Akanitikisia kichwa kama mwalimu. Asali ikichanganywa na maji huchacha upesi na kuota ukungu unaoweza kumwua ndege. Sukari guru na ya kahawia pia hapana, zina madini ya chuma mengi mno kwa kiumbe mdogo vile. Na rangi ya nini, wakati chupa yenyewe ina maua mekundu ya plastiki?

Iliniuma kidogo, sikufichi. Kupika kitu na kuukataza mkono wako kutia chochote! Lakini utamu wa maua wanayonywa haupiti sana huo wa moja kwa nne, na mvumaji hataki zaidi ya hapo.

Upishi si kazi, shoga. Kazi ni kuosha. Julai mwaka jana kulikuwa na joto la Tanga kabisa, nasi tukaenda harusini siku tano. Niliporudi, maji ya chupani yamekuwa meupe kama ya kuoshea mchele, matundu yana weusi, na harufu ni ya tembo la mnazi lililolala. Nilijisikia vibaya, maana ndege alikuwa ananingoja pale mtini. Tangu hapo joto likipanda nabadilisha kila siku ya pili, kukiwa na baridi ndiyo nasubiri hadi siku nne. Namwaga yote, hata kama imebaki nusu. Nasugua kwa brashi ndogo na maji ya moto, nikiona weusi naloweka kwenye siki, nasuuza mpaka harufu iishe. Baba watoto, ambaye daktari amemkataza sukari, anasema ndege wananiona zaidi yake.

Usidhani kwa udogo wao wana adabu. Dume mmoja alijimilikisha chupa, akawa anakaa kwenye tawi na kumfukuza kila anayekuja, hata majike. Nilitundika ya pili upande wa pili wa nyumba, asikoweza kuona. Hawezi kulinda kona mbili.

Siku hizi wamekuwa wengi, maana wa kaskazini wanapita wakielekea Meksiko na Amerika ya Kati. Wananenepa kwanza, kisha wengi wao huvuka Ghuba ya Meksiko, kama kilomita 800, bila pa kutua. Gramu tatu hizo! Wengine hapa hutoa chupa mapema wakiogopa kuwachelewesha. Si kweli, kinachowaondoa ni mchana kufupika. Mimi naiacha mpaka wiki mbili baada ya kumwona wa mwisho, kwa ajili ya aliyechelewa njiani.

Ulitaka kujua kama na wewe utundike huko. Mvumaji hutampata, ni ndege wa mabara ya Amerika tu. Na kwa chozi, ningekuwa wewe ningeacha chupa. Utasafisha lini, na wajukuu wote hao? Ule mgomba usiukate, na upande maua mekundu kando ya kisima. Hayahitaji brashi.

Ukipata mtu anayekuja huku, nifungie iliki ya kule Amani, hata nusu kilo. Ya dukani hapa haina harufu, na Ramadhani haiko mbali kama unavyodhani. Msalimie mama, mwambie miguu aikande kwa mafuta ya nazi kama nilivyomwomba. Naishia hapa, chupa ya upande wa pili inaningoja sinkini.

Shoga yako