Mwanangu, usijitoe kwenye ile kamati

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema unataka kujitoa kwenye kamati ya amani huko Kondoa kwa sababu kila kikao vijana mnaitwa kupanga viti na kugawa maji, na ukinyoosha mkono unaambiwa vijana ni taifa la kesho. Nimeona nisikujibu kwa simu. Kuna jambo sijawahi kukueleza.

Unamkumbuka yule kijana wa kijiwe cha bodaboda pale kona, aliyekuwa akikubebea mizigo bure ukirudi likizo? Simtaji jina, mama yake ana kidonda bado. Kwenye mkutano mmoja wa mtaa alisimama akaanza: "Kuna watu wanapita kijiweni kwetu..." Akakatizwa. Akaambiwa hoja za vijana zitasikilizwa mwishoni. Huko mwishoni shehe akaomba dua, mchungaji akasali, tukanywa soda, tukatawanyika. Yeye na wenzake wakabaki kukusanya viti. Mimi nilikuwa mjumbe, nimekaa mbele kabisa, na sikufungua mdomo.

Wiki chache baadaye akaja hapa barazani na jaketi la jinzi. Nilikuwa kwenye cherehani. Akataka nimwekee mfuko wa ndani, upande wa kushoto, wenye kifungo. Nikamuuliza wa nini. Akasema anakwenda kusini, kuna kazi nzuri, na nauli ameshatumiwa na mtu waliyejuana kwenye simu. Nauli ametumiwa na mtu ambaye hajawahi kumwona uso, mwanangu, na mimi nikachukua kipande cha kaki kilichobaki kwenye sare za shule, nikakata, nikapiga mishono miwili ili usichanike, nikapokea shilingi 1,500, nikamtakia safari njema.

Hadi leo simu yake haipatikani. Sijui alifika wapi, wala sitamzulia kwamba alijiunga na mtu. Ninachojua ni kwamba vita vya Cabo Delgado, kule Msumbiji, vilianza Oktoba 2017 na vimewavuta hata vijana wa Tanzania. Na Oktoba 2020 wapiganaji wa itikadi kali wa huko walivuka mto Ruvuma wakavamia kijiji cha Kitaya, Mtwara. Tangu hapo nikisikia mtu anataja kusini, naukumbuka ule mfuko.

Ile ripoti ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ya 2023 uliyonisomea hapa, ya mahojiano na watu wa nchi nane za Afrika, sijaisahau. Robo ya waliojiunga kwa hiari na makundi ya itikadi kali walisema kilichowapeleka hasa ni kutafuta kazi. Waliotaja dini walikuwa asilimia 17. Na ile ya kwanza, ya 2017, ilisema asilimia 71 ya waliojiunga walisukumwa na kitendo cha serikali, kama vile ndugu au rafiki kuuawa au kukamatwa. Sasa kijana akija kueleza nani anapita kijiweni, tukamgeuza yeye mshukiwa, kesho nani atathubutu kusema? Hili lishike sana, na uliseme kikaoni hata kama wazee watakunja uso. Anayeleta habari asikilizwe kama mtoto wa nyumbani.

Uliniambia pia kuhusu azimio namba 2250 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la tarehe 9 Desemba 2015, linalotaka vijana wa miaka 18 hadi 29 washirikishwe kwenye maamuzi ya amani. Umri wa yule kijana kabisa. Wakubwa huko New York walishakubaliana. Sisi mtaani tulishindwa kumpa dakika tano.

Kwa hiyo usijitoe. Ukiondoka, kitabaki kikao cha wazee wanaoambiana mambo wanayoyajua tayari. Wewe umezoea vijiwe, unajua namba ngeni inayotuma ahadi ya kazi inafananaje, unajua nani ameacha ghafla kuja mpirani na kusalimia watu. Mimi na umri wangu siyajui hayo mpaka niambiwe. Muombe mwenyekiti kwa adabu, kabla ya kikao, si mbele za watu, kwamba safari hii ajenda ianze na vijana. Akikataa, nenda na shehe na mchungaji wa hapo, najua wanakupenda. Viti vipangeni duara, na kila mtu abebe chake.

Mimi nimerudi kwenye kamati ya mtaa wetu. Juzi nilikwenda kijiweni na benchi langu, nikakaa saa nzima. Mwanzo walidhani natafuta usafiri. Baadaye mmoja akanionyesha ujumbe kwenye simu yake.

Nimekutumia zabibu kwa basi la kesho asubuhi, zipokee mapema zisichemke. Jumamosi mkimaliza kikao, niandikie nani alizungumza wa kwanza.

Mama yako,
Dodoma