Ndugu Mhariri, reli haikatiki ghafla

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wenu wa barua. Kila treni ikiacha njia, iwe hapa au huko ughaibuni, waandishi wenu wanatuandikia "reli ilikatika ghafla", na mi kila nikifika kwenye hilo ghafla nasonya peke yangu mpaka mke wangu anauliza kuna nini.

Shuleni kwetu kengele ilikuwa kipande cha reli kimening'inizwa kwenye mwembe, na darasa la sita mi ndo nilikuwa nagonga. Upande mmoja kilikatwa kwa msumeno, umenyooka safi. Upande wa pili kilivunjika chenyewe, na pale kwenye kona ya juu kulikuwa na doa jeusi, laini, kama kiganja cha mtoto hivi, lina mistari ya kupinda kama ya kwenye kisiki, halafu kwingine kote kunakwaruza kama chumvi ya mawe. Baba mdogo alikuwa kwenye gengi la reli, akaniambia lile doa ndo ufa wa zamani, umekula taratibu kwa muda mrefu, hiyo sehemu inayokwaruza ndo imevunjika siku moja. Sasa ghafla yenu ni hiyo sehemu ya mwisho tu, kule nyuma kote hamkuandika.

Chuma kinachoka jamani. Chukua waya, kunja kunjua, kunja kunjua, unakatika na wala hujatumia nguvu. Gurudumu la treni linagusa reli sehemu ndogo kama sarafu tu, na hapo panabeba tani kadhaa, likipita moja linakuja lingine, mamilioni ya mara, kwa hiyo kwenye ile kona ya ndani hasa penye kona za njia vinaanza vinyufa vidogo kama nywele. Vingi vinaishia juu juu. Kimoja wapo kinageuka kinaelekea chini, maji ya mvua yanaingia, gurudumu linayakandamiza humo ndani na ufa unazidi kufunguka. Ukitembea juu ya mataruma huuoni. Hata mashine ya ultrasoniki inayopeleka sauti ndani ya chuma inaweza kudanganyika, maana vile vinyufa vya juu vinairudisha sauti kabla haijafika kwenye ule wa chini, mkubwa.

Mfano ni Hatfield, Uingereza, 17 Oktoba 2000. Treni imetoka London inaenda Leeds, spidi kama kilomita 185 kwa saa, reli kwenye kona ikasambaratika vipande zaidi ya 300. Watu 4 wakafariki, zaidi ya 70 wakaumia. Na wenzetu wale walikuwa na vipimo, walikuwa na wataalamu, na kinachoniuma mimi ni kwamba walishajua! Nyufa zilishaonekana miezi mingi kabla, reli mpya zikaletwa zikalazwa pembeni ya njia hapo hapo, zikabaki zimelala zinasubiri kufungwa, na treni zinapita pembeni yake kwa spidi ile ile kama hakuna kitu. Hata kupunguza mwendo, ambako hakuna gharama ya fundi wala mashine, hawakufanya. Baada ya maafa ndo wakastuka wakaweka amri ya kwenda polepole sehemu zaidi ya elfu moja nchi nzima, ratiba zikavurugika miezi, Railtrack waliokuwa wenye njia mwaka uliofuata wakawekwa chini ya usimamizi wa mahakama, na 2005 zikaja faini za jumla ya pauni milioni 13.5.

Kwa hiyo Mhariri ombi langu ni dogo. Mwandishi wako akifika kwenye ajali ya treni asiishie kupiga picha behewa lililolala kwenye kokoto, hilo wote tumeshaliona kwenye WhatsApp kabla gazeti halijatoka. Aulize ile reli ilipimwa mara ya mwisho lini, na majibu alipewa nani, na huyo mtu akafanya nini. Halafu kama wakimruhusu asogee pale ilipokatika, ainame apige picha uso wa chuma wenyewe, doa likiwepo mliweke ukurasa wa mbele.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Dodoma